Maji ya Zigi na Msitu wa Usambara: Sura Isiyo katika Daftari la Usharika



Kamati ya Jubilei iliponikabidhi jukumu la kuandika sura hii, nadhani ilitarajia habari za wachungaji waliotangulia, majengo yaliyoinuliwa na kwaya zilizoanzishwa. Habari hizo zimeandikwa na wenzangu, tena kwa ufasaha. Mimi nimeomba nafasi ya kueleza juu ya kitu ambacho hakimo katika daftari la ubatizo wala katika kumbukumbu za Baraza la Wazee, ijapokuwa hakuna mtoto aliyeletwa kisimani katika miongo ya karibuni bila kitu hicho kuwapo. Nacho ni msitu wa milima ya Usambara Mashariki.

Maji ya jiji letu la Tanga hutoka mto Zigi. Mto huo huanzia kwenye vijito vya misitu ya Amani, hukusanya maji ya Kihuhwi na vijito vingine, huteremka kupitia mabonde ya Muheza na kuingia katika bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978. Kutoka hapo maji husafishwa na kuletwa katika mabomba yetu. Yanayobaki huendelea na safari hadi baharini, upande wa Amboni. Kwa hiyo, mtu anayeishi Ngamiani au Chumbageni, hata kama hajawahi kupanda milimani maishani mwake, ameunganishwa na msitu kila afunguapo bomba. Kuandika historia ya usharika wa mjini na kuuacha msitu ni sawa na kueleza habari za nyumba bila kutaja kisima chake.

Milima ya Usambara ni sehemu ya mlolongo unaoitwa Milima ya Tao la Mashariki, unaoanzia Taita nchini Kenya na kupita Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru na Rubeho hadi Udzungwa na Mahenge. Wataalamu husema kuwa misitu hii ni ya kale mno, imesimama kwa mamilioni ya miaka kwa sababu unyevu wa Bahari ya Hindi haukukoma kuifikia hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya bara ilikauka. Kila mlima ukawa kama kisiwa, na viumbe wake wakawa wa peke yao. Inakadiriwa kwamba zaidi ya aina 800 za mimea, na karibu aina 100 za wanyama wenye uti wa mgongo, hazipatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa katika milima hii. Yuko ndege mmoja mdogo mwenye mdomo mrefu, aliyetambuliwa na wanasayansi mwanzoni mwa miaka ya 1930 kule Amani na kupewa jina la Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha hapo. Makao ya ndege huyo yanayojulikana ni mawili tu: Usambara Mashariki, na mlima Njesi nchini Msumbiji. Msitu wa Amani ukitoweka, nusu ya dunia ya ndege huyo imetoweka.

KABLA YA MISHENI NA BAADA YAKE

Wasambaa waliita nchi yao ya juu Shambaai, na nchi ya chini, yenye joto na ukame, wakaiita nyika. Katika ufalme wa Wakilindi, ambao makao yake yalikuwa Vugha, kazi kuu ya mfalme haikuwa vita wala kodi, bali mvua. Lugha ya Kisambaa inayo maneno mawili ambayo sijapata kuona yakitafsiriwa vizuri: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu, asiye na mpinzani, aliiponya nchi. Wakuu wakigombana, nchi iliharibika na njaa ikaingia. Msitu wa makaburi na wa matambiko haukukatwa hovyo. Aliyeingia humo na shoka alijua kwamba ana wa kumjibu.

Wamisionari wa shirika ambalo baadaye lilijulikana zaidi kwa jina la Bethel walifika Tanga mwaka 1890, na mwaka uliofuata Johanssen na Wohlrab wakafungua kituo cha Mlalo. Walihubiri kwamba mizimu haina mamlaka juu ya mtu aliyekombolewa. Neno hilo ni kweli nami nimelihubiri miaka yote ya utumishi wangu. Lakini mwanahistoria wa Kanisa hana budi kuandika pia kilichofuata. Hofu ilipoondoka katika msitu wa matambiko, mahali pengi hakikuja kitu kingine cha kuulinda. Mkristo aliwekwa huru asiogope mti; hakufundishwa bado namna ya kuutunza. Mwanzo 2:15 inataja kazi mbili alizopewa mwanadamu katika bustani, kulima na kutunza, na naona kwamba kwa muda mrefu mafundisho yetu yalikaa zaidi kwenye ile ya kwanza.

Wakati huohuo serikali ya Kijerumani ilikuja na hesabu zake. Mkuu wa wilaya ya Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la rangi ya zambarau likiota kwenye miamba yenye kivuli, akalipeleka kwao. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland wa Hannover alilieleza kisayansi na kulipa jina la baron huyo. Wajerumani huliita ua la Usambara hadi leo, na huuzwa kwa mamilioni ya vyungu katika madirisha ya Ulaya na Marekani. Bibi wa Kijerumani aliyewahi kututembelea alishangaa kuambiwa kwamba Usambara ni mahali. Alidhani ni jina la ua tu. Huku kwetu ua hilo lingali likitegemea miamba na kivuli cha miti. Mti ukikatwa, jua hupiga mwamba na ua hukauka.

Mwaka 1902 ilianzishwa Amani taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo, yenye bustani ya mimea kutoka pembe zote za dunia. Mwaka 1904 ikatolewa amri ya kulinda misitu. Mtu akisoma hayo peke yake atasema kuwa wakoloni wale walikuwa watunzaji. Lakini katika miaka hiyohiyo lilijengwa tawi la reli kutoka Tengeni, karibu na Muheza, hadi Zigi, kilometa zipatazo 23 za kupanda mlima kwa kona na kurudi nyuma, na shabaha yake kubwa ilikuwa kuteremsha mbao. Upande wa Usambara Magharibi, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, waya wa angani ulining'inizwa kutoka Shume hadi Mkumbara ili kuteremsha magogo ya mtarakwa yafike kwenye reli ya Tanga. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Zigi ilikarabatiwa na kuwa kituo cha kupokelea wageni wa hifadhi. Mgeni hupewa maelezo ya vipepeo na vinyonga katika jengo lililojengwa kwa ajili ya biashara ya magogo.

Nataja pia kahawa. Katika miaka ya 1890 makampuni ya Kijerumani yalifyeka misitu ya Usambara Mashariki, Derema ikiwa miongoni mwa mashamba ya kwanza, yakitegemea kwamba ardhi inayobeba miti mirefu namna ile ni lazima iwe na rutuba kubwa. Baada ya miaka michache mavuno yakapungua. Udongo ule mwekundu ni maskini. Utajiri wake umo katika majani yanayoanguka, kuoza na kunywewa tena na mizizi kabla mvua haijayasomba. Ukiondoa miti umeondoa na ghala. Baadaye chai ilichukua nafasi ya kahawa, kwa kuwa huvumilia udongo mchachu, na ndiyo inayoonekana hadi leo Kwamkoro, Monga na Bulwa.

AMRI NA MATUTA

Utawala wa Kiingereza ulirithi misitu ya hifadhi, na mipaka ikaendelea kulindwa kwa askari wa misitu na faini. Shughuli za utafiti wa kilimo ziliendelea Amani hadi zilipohamishiwa Muguga, Kenya, mwaka 1948, na majengo yakaingia katika kazi ya malaria. Huko Mlalo, palipokuwa mahali pa mwanzo pa misheni milimani, ulianzishwa mwaka 1946 mpango wa kuokoa udongo. Wakulima waliamriwa kulima matuta katika miteremko. Nia ilikuwa njema: udongo ulikuwa ukienda na maji, na kila mtu aliona. Lakini kazi ilikuwa nzito, sehemu kubwa ikawaangukia akina mama, na aliyekataa alishtakiwa. Watu waliuona mpango huo kama njia ya kuwanyang'anya ardhi. Upinzani ulikua, ukachangia kukipa nguvu chama cha TANU katika milima hiyo, na kabla ya mwaka 1960 mpango ukawa umekwisha kuachwa. Zaidi ya miongo miwili baadaye, mradi mwingine wa kuhifadhi udongo uliosaidiwa na Ujerumani ulianza Lushoto mwaka 1981. Huo ulileta majani ya kulishia ng'ombe yapandwe kwenye kontua, na miche ya miti kwa atakaye. Majani yale yalipokewa vizuri zaidi, maana ng'ombe wa zizini alishiba na maziwa yakaongezeka.

MIAKA YA MBAO

Baada ya Uhuru taifa lilihitaji shule, zahanati, madawati na fedha za kigeni. Hakuna aliyeona ajabu kwamba mvule, mkulo na miti mingine mikubwa ya Usambara Mashariki ikatwe. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Finland, uvunaji ulifanywa kwa mashine, na magogo yakapelekwa katika kiwanda cha mbao cha umma hapa Tanga. Wazee wetu wengi walipata ajira katika kazi hiyo, na zaka zao zilisaidia kuinua kuta tunazosalia. Siwalaumu. Benchi tunazokalia ni za mbao za milima ile, na fundi wetu aliyezipiga randa tena kwa ajili ya Jubilei anasema kwamba ubao wa mkulo bado hutoa harufu kama ya kafuri.

Kilichosimamisha mashine hakikuwa sheria peke yake. Wanabiolojia, wakiwamo walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walieleza hasara iliyokuwa ikitokea, na huko Finland kwenyewe watu wakaanza kuuliza fedha yao inafanya nini. Uvunaji wa kibiashara ulisimamishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, na nchi ileile iliyosaidia kukata ikawa ndiyo iliyosaidia kuhifadhi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, hekta 8,380, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini. Iliunganisha misitu kadhaa ya hifadhi, bustani ya Amani, na zaidi ya hekta 1,000 za msitu zilizokuwa chini ya kampuni ya chai. Mwaka 2000 milima hiyo ya Usambara Mashariki ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya hifadhi hai. Miaka mitano baadaye, kusini mwa nchi, uwanda wa majani wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ukawa hifadhi ya taifa kwa sababu ya maua yake. Haikuwa kawaida katika Afrika kuwa na hifadhi ya taifa isiyotegemea tembo wala simba.

Hata hivyo palipokatwa hapakubaki wazi. Mhesi, mti uliopandwa Amani na wageni, huzaa tunda apendalo hondohondo. Ndege huyo alizisambaza mbegu kila penye mwanga, na mashine zilikuwa zimefungua mwanga mwingi. Mhesi ukajaa katika mapengo ya mkulo. Ukiutazama kutoka barabarani utasema msitu umepona. Ukiingia ndani na mzee wa pale atakuonyesha kwamba miti mingi ni ya namna moja.

Mwaka 2003 likaja jaribu la aina nyingine. Dhahabu ilionekana Sakale, kwenye vyanzo vya Zigi, na watu kwa maelfu wakapanda na sululu na karai. Vijito viligeuka tope. Serikali iliwaondoa, ingawa wachimbaji wamekuwa wakirudi kwa vipindi. Baadhi ya waliochimba walikuwa vijana wa sharika zetu wasio na kazi tangu mashamba ya mkonge yalipodorora, na nadhani jambo hilo lilipaswa kuzungumzwa kanisani zaidi kuliko lilivyozungumzwa.

DEREMA

Nimefika sasa kwenye habari ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niombe sura hii.

Kati ya misitu ya Amani na ile ya kaskazini yake palikuwa na ukanda wa msitu wa Derema, hekta zipatazo 960. Hapo wanavijiji walilima iliki. Iliki hupenda kivuli na ubaridi. Kwa hiyo mkulima hakati miti mikubwa, bali hufyeka vichaka na miche iliyo chini yake. Kwa mbali Derema ilikuwa msitu kamili. Kwa mkulima ilikuwa shamba, ada ya shule, bati la nyumba na sadaka ya mavuno. Kwa mtaalamu wa misitu ilikuwa msitu usio na watoto: wazee wamesimama, na hakuna mche wa kuwarithi. Tena bila ukanda huo, wanyama na mbegu za pande mbili zisingeweza kukutana, na kila upande ungedhoofika peke yake.

Serikali iliamua kuwa Derema iwe hifadhi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpaka ulisafishwa, na mimea ya wakulima zaidi ya elfu moja ikahesabiwa shina kwa shina. Ukafuata mvutano juu ya bei ya shina la iliki, na muda mrefu wa kungoja. Fedha nyingi ya fidia ilipatikana kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ikalipwa katikati ya muongo huo. Ardhi mbadala iliahidiwa huko tambarare, na ahadi hiyo ilichelewa kwa miaka. Na hata ilipokuwa inatolewa, tambarare ni nyika: iliki haioti huko. Watafiti waliofuatilia jambo hili waliandika kwamba wakulima wengi waliona walichopewa hakikulingana na kile ambacho shamba lingewapa mwaka hata mwaka.

Wako wanaolinganisha Derema na shamba la mizabibu la Nabothi. Mfano huo haukai sawasawa. Ahabu alitaka bustani ya mboga karibu na jumba lake. Derema ilitakiwa kwa ajili ya viumbe wasio na msemaji na kwa ajili ya maji ya mamia ya maelfu ya watu. Mimi naamini kuwa kuihifadhi kulikuwa sahihi. Lakini watu hao mamia ya maelfu ndio sisi. Tulikunywa maji hayo wakati wenzetu wa mlimani wakingoja fidia, na sisi hatukulipa chochote ila ankara ya mwezi. Waliobeba gharama ya hifadhi walikuwa watu wenye shamba la robo ekari.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilifungua njia iliyo bora zaidi, ya vijiji kumiliki misitu yao na kushiriki katika usimamizi wa misitu ya serikali. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kwenye mto, na katika bonde la Zigi wakulima wameunda umoja wao, UWAMAKIZI, ambao unahimiza kingo ziachwe, miti ipandwe na matuta yachimbwe kwa hiari. Matuta yaleyale yaliyokataliwa Mlalo! Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ili kupanua miundombinu ya maji na kutunza chanzo. Natamani washarika wenye ujuzi wa fedha watusaidie kufuatilia ni kiasi gani cha fedha hiyo kinapanda mlima hadi kwa wale wanaoacha kulima kando ya mto, na ni kiasi gani kinaishia kwenye mabomba.

MICHE YA JUBILEI

Kamati imeazimia kupanda miche mia moja, mmoja kwa kila mwaka wa usharika. Ni desturi njema. Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa KKKT kuanzia 2015 hadi 2023, alijulikana hata nje ya nchi kwa kuhimiza kazi hiyo katika miteremko ya Kilimanjaro. Ila naomba tusipande mkaratusi kwa kuwa tu hukua upesi. Miti mia moja ya kuni na nguzo ina faida yake, lakini haiwi msitu, na haiwezi kuhesabiwa kama malipo ya kilichokatwa.

Mkulo hautaota huku pwani; unataka baridi na ukungu. Hata kule juu ni mgumu: huzaa mbegu kwa nadra, nyingi huharibiwa na wadudu, na mara nyingi mti mpya huchipua kutoka kwenye mizizi ya ule uliokatwa, basi kisiki chake kisichimbuliwe wala kuchomwa. Mvule waweza kustawi hapa kwetu. Nimekwisha kuzungumza na wazee, nao wamekubali kwamba miche hamsini ya mvule ipandwe katika kiwanja cha kanisa na kandokando ya makaburi, na kwamba hamsini iliyobaki isipandwe na sisi kabisa. Fedha yake itapelekwa kwa wakulima wa bonde la Zigi, wachague wenyewe aina ya miti na mahali pa kuipanda. Wajumbe wa usharika watakwenda kuikabidhi kabla ya mvua za masika, na katibu ameagizwa kuandika majina ya vijiji hivyo katika kitabu cha kumbukumbu za usharika.